Uzi: Dirisha linawaka, chumba kimezama. Kupiga picha ndani ya nyumba za mawe bila kuua kivuli

Mleta uzi

Wakuu salaam. Kwenye uzi wa lenzi niliahidi kuandika juu ya picha za ndani ya nyumba, nikawa naahirisha. Leo nimekaa. Utakuwa mrefu, anayetaka chai aiteleke kwanza.

Kazi yangu ni kupiga picha nyumba za wageni na nyumba za watu, zaidi Mji Mkongwe wa Unguja, na Lamu nimekwenda mara nne kwa kazi hiyohiyo. Kwa hiyo nitakayosema yametoka kwenye nyumba za pwani: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko darini, madirisha machache, na nje jua mnalolijua. Mwenye nyumba ya vioo vitupu atachukua yanayomfaa.

Nianze na kazi niliyoiharibu. Mwaka wangu wa kwanza mama mmoja mwenye nyumba ya wageni aliniita. Chumba chake cha juu kilikuwa na dirisha moja linalotazama bahari. Nikapiga picha tano za mwanga tofauti, nikaziunganisha kwenye kompyuta, nikavuta vivuli juu hadi mwisho, sehemu zenye mwanga mkali nikazishusha hadi mwisho. Bahari ikaonekana, kila boriti ikaonekana, hadi ukili wa mkeka uliokuwa chini ya kitanda ukaonekana. Nilifurahi sana. Yule mama aliitazama skrini kitambo, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hapa ni wapi?" Nikamwambia ni chumba chake cha juu. Akatikisa kichwa. "Chumba changu mtu akitoka juani akaingia, anashusha pumzi. Hiki chako kina joto."

Hilo neno sijalisahau, na kila ninalofanya tangu hapo limetoka humo. Nyumba hizi zilijengwa kupambana na jua. Kiza chake ndio ubaridi wake. Ukikifuta kwenye picha umefuta sababu ya nyumba kuwa hivyo ilivyo, na anayetazama anahisi kuna kitu hakipo sawa hata kama hajui kukitaja.

Sasa tuone kwa nini kamera inashindwa. Jua la saa 6 mchana linamwaga nje kama laksi 100,000. Ndani ya chumba cha mawe, hatua chache kutoka dirishani, ukipata laksi 100 shukuru. Hiyo ni tofauti ya mara 1,000. Sisi tunahesabu kwa stopu, na kila stopu ni mwanga kuongezeka maradufu, kwa hiyo mara 1,000 ni karibu stopu 10. Hapo hujahesabu tofauti iliyomo chumbani mwenyewe, kati ya ukuta wa chokaa unaorudisha karibu mwanga wote unaoupiga na mlango wa mti mweusi unaoumeza: ongeza stopu 4 au 5. Jumla umefika 14 au 15. Kamera nzuri ya leo yenye sensa kubwa (kile kipande kinachopokea mwanga), kwa ISO ya chini (wepesi wa kamera kuitikia mwanga), inafika kama stopu 14 ikipimwa maabara, lakini zile za mwisho huko gizani zimejaa chenga. Na karatasi ya picha ikishachapwa hubeba stopu 6 au 7 tu.

Jicho nalo halioni vyote kwa mpigo mmoja. Ukitazama dirisha mboni inajifunga, ukigeukia kona inafunguka, ubongo unashona vipande. Ndiyo maana umesimama mlangoni unaona bahari na unaona kitanda, kisha unatazama picha unakuta dirisha limeungua jeupe au kitanda kimezama.

Kwa hiyo kila picha ya ndani lazima iache kitu. Siku hizi naamua kabla sijafungua begi. Naketi chumbani dakika 10 bila kamera. Natafuta mwanga unaingilia wapi, unapiga nini kwanza, unafia wapi. Pale unapofia napaacha pafe. Kona moja ikizama haidhuru, ilimradi macho yakifika hapo yakute bado kuna umbo, mguu wa kitanda au mdomo wa mtungi. Na dirisha lazima libaki kitu king'avu kuliko vyote chumbani. Nimeona picha nyingi ambazo mandhari ya dirishani ni nyeusi kuliko ukuta wa ndani. Duniani hakuna chumba cha namna hiyo mchana, na macho yanaikataa mara moja.

Jambo linalookoa kazi kuliko kamera ni saa. Unguja iko kama nyuzi 6 kusini ya Ikweta, Lamu kama nyuzi 2. Saa 6 mchana jua liko juu sana mwaka mzima, dirishani haliingii ila kidogo, lakini uani linatumbukia moja kwa moja. Ua unawaka, na mwanga unaruka kutoka sakafuni kwenda juu, ukipanda kwenye boriti. Ni mwanga mzuri ajabu kwa picha ya dari, na ni mbaya kwa picha inayoshika ua na chumba kwa pamoja. Kwa picha hiyo nasubiri saa 3 asubuhi au baada ya saa 10, ua ukiwa umeingia kivulini. Hapo tofauti inashuka stopu 3 hivi bila wewe kugusa kitu. Siku ya mawingu mazito ni zawadi.

Na kuna ile saa ya magharibi. Kwetu jua huzama kati ya saa 12 na robo hivi na karibu saa 1 kasoro 10, kutegemea mwezi, na baada ya hapo mwangaza wa machweo hudumu kama dakika 20 tu. Huku kwetu giza halina subira. Katikati ya hizo dakika 20 kuna dakika 8 au 10 ambapo mbingu ya nje na taa za ndani zinalingana, na picha moja tu inatosha bila kuunganisha chochote. Ninachofanya: tripodi iko tayari tangu saa 11 na nusu, pembe imeshachaguliwa, mito imenyooshwa. Halafu napiga kila dakika moja hadi mbingu iwe nyeusi. Nyumbani nachagua ile moja.

Vifaa. Tripodi kwanza, lenzi baadaye. Chumba cha nyumba ya kale upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti, kama mita 2.5 hadi 3, kwa hiyo utakuta vyumba virefu vyembamba na utatamani lenzi pana kupita kiasi. Mimi nikizidi sana ni milimita 20 kwa sensa kubwa, na nikiweza nabaki 24. Chini ya hapo kitanda kinakuwa kirefu kama mtumbwi na mgeni akija ananung'unika. Kamera iwe kimo cha kifua, kama mita 1.2, isiiname wala kuinuka, ili kuta zisimame wima.

Mipangilio ni rahisi: ISO 100, tundu la lenzi f/8, faili la RAW (picha ghafi isiyobanwa na kamera), fokasi ya mkono, mizani ya rangi imefungwa. Zima kizuia mtikisiko cha lenzi ukiwa kwenye tripodi. Tumia taima ya sekunde 2. Kisha napiga picha 5 zinazopishana stopu 2 kwa kubadilisha kasi ya shata peke yake, yaani muda ambao mwanga unaingia. Ukibadilisha tundu, ukali wa picha kutoka mbele hadi nyuma unabadilika na picha hazitashikana. Ya giza kuliko zote iwe ile ambayo dirisha halijaungua hata chembe, na ile yenye mwanga kuliko zote ionyeshe kona ya mbali bila shida.

Kisha, wakuu, zimeni taa. Balbu nyingi za nyumbani zina rangi ya joto, kelvini 2,700 hadi 3,000, na mwanga wa mchana uko karibu 5,500, kivulini zaidi ya 7,000. Ukiwasha taa mchana, ukuta mmoja wa chokaa unakuwa wa manjano huku na wa buluu kule, na hakuna mizani ya rangi itakayotibu vyote viwili. Chokaa ni kama kioo cha rangi. Inaonyesha wekundu wa zulia na ukijani wa mwembe ulioko nje. Huo ukijani mimi nauacha kidogo, ni wa pale.

Uhariri sasa. Nikiziunganisha naanza na picha ya katikati kama msingi, zile nyingine nazitumia kwa maski (kufunika sehemu nisizozitaka) mahali zinapohitajika tu. Kitufe cha kuunganisha zote kwa mpigo nakitumia pia, kipo kwenye programu za kuhariri Lightroom na Darktable (hii ya pili ni ya bure), lakini faili likitoka huko linakuja tambarare, na kishawishi ni kuliacha tambarare. Naweka kwanza nyeusi ya kweli na nyeupe ya kweli. Halafu vivuli napandisha kidogo, nikifika mahali nafurahi narudisha nusu. Dirisha nashusha hadi nione mstari wa upeo wa bahari, basi. Rangi ya bahari haina haja ya kukolea, imeoshwa na jua na ndivyo ilivyo.

Angalieni pete nyeupe kuzunguka fremu ya dirisha na kando ya boriti. Ile ndiyo alama ya picha iliyovutwa kwa nguvu. Ukiiona, rudi nyuma.

Karibuni kwa maswali.

Kijana wa Simu

Mkuu shukrani, nimesoma mpaka mwisho. Mimi sina kamera, nina simu ya kawaida tu. Shangazi yangu ana vyumba viwili anapangisha wageni Pangani, nyumba ya zamani yenye madirisha madogo, na ameniomba nimpigie picha. Kila nikipiga ama dirisha jeupe ama chumba cheusi. Kuna namna au nisubiri nipate hela ya kamera?

Mleta uzi

Usisubiri, mdogo wangu. Simu nyingi za sasa zenyewe huunganisha picha kadhaa kwa siri kila ukibonyeza, kwa hiyo nusu ya kazi imeshafanyika. Fanya hivi. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa laini, kwa sababu mafuta ya kidole yanasambaza mwanga wa dirisha juu ya picha nzima kama ukungu, na ukungu huo hautoki kwenye uhariri. Simamisha simu juu ya meza au kiti, iegemeze kwenye kitu kizito. Gusa sehemu ya ukuta iliyo karibu na dirisha, shikilia kidole mpaka ijifunge, kisha buruta alama ya jua chini hadi dirisha lianze kuonyesha nje. Chumba kitaonekana na giza kuliko unavyopenda. Vumilia, kiza kinapandishika kidogo lakini palipoungua pameungua.

Usimame pembeni mwa dirisha, usilikabili. Ukiwa na ukuta wa dirisha ubavuni mwako, mwanga unapita kitandani kama unavyopita kwenye uso wa mtu, na dirisha lenyewe huenda lisiwemo kabisa kwenye picha. Chumba kidogo mara nyingi kinasemwa vizuri hivyo.

Halafu tafuta shuka jeupe. Litandaze sakafuni, nje ya fremu, pale jua linapogonga. Utaona dari inavyofunguka. Shuka jingine jepesi unaweza kulitundika nje ya dirisha kama jua linaingia moja kwa moja. Hizi ni stopu 1 au 2 za bure.

Dalali wa Vyumba

Mkuu heshima yako, umeandika vizuri, ila nikupinge kidogo. Mimi natangaza vyumba mtandaoni kwa niaba ya wenye nyumba. Mteja anapitisha kidole kwenye picha 50, anasimama kwenye chumba cheupe chenye mwanga. Chumba chenye kiza anaona ni kibovu, kina unyevu, hakina madirisha. Hayo ya ubaridi hawezi kuyajua akiwa mbali. Mwenye nyumba anataka wageni, hataki sanaa.

Mleta uzi

Hoja yako ni ya kweli na nimeishi nayo, sitaipuuza. Mwenye nyumba ana mikopo na ada za watoto. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kuna mwanga wa jumla wa picha, na kuna tofauti kati ya mwanga na kivuli ndani ya picha. Wewe unataka picha yenye mwanga, nami sikatai kuipandisha. Ninachokataa ni kuusawazisha mpaka ukuta wa karibu na dirisha na ukuta wa mbali vifanane. Unaweza kuwa na chumba angavu ambacho bado kinaonyesha mwanga unatoka upande gani. Ukuta uende kutoka nyeupe hadi kijivu laini taratibu. Hapo mteja anaona usafi, na anaona umbo.

La pili ni mgeni akishafika. Amelipia chumba cheupe kama hospitali, anaingia anakuta kivuli. Hata kama kivuli hicho ni kizuri, yeye anajiona amedanganywa. Yule mama niliyemtaja aliniambia picha zangu za kwanza zingemletea ugomvi mlangoni, na ni mtu aliyepokea wageni miaka mingi kuliko niliyoishi mimi.

Kwa wenye nyumba siku hizi natoa picha mbili za chumba kilekile: moja ya asubuhi madirisha yakiwa wazi, moja ya magharibi taa zikiwa zimewaka. Ya magharibi ndiyo wanayoiweka mbele, karibu wote. Kiza hapo mteja anakisoma kama utulivu.

Dalali wa Vyumba

Nimekuelewa. Hilo la picha mbili nitalijaribu.

Mzee wa Dakruumu

Vijana, hamjambo. Naona mnaongea kuunganisha picha kama jambo la kompyuta. Lina umri mkubwa. Miaka ya 1856 na 1857 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa anapiga picha za bahari, na sahani za kioo za wakati ule zilikuwa zinaona buluu kupita kiasi, mbingu ikawa inaungua yote. Akawa anapiga sahani moja ya mbingu na nyingine ya bahari, kisha anazichapa kwenye karatasi moja, kiungo kikikaa kwenye upeo. Hiyo ndiyo braketi yenu, hizo picha kadhaa za mwanga tofauti.

Na kabla ya vitelezi vya skrini sisi tulikuwa na viganja. Karatasi iko chini ya mashine ya kukuzia, taa inawaka sekunde 20, kipande cha kadibodi kwenye waya unakizungusha juu ya sehemu unayotaka ibaki nyeupe, usikisimamishe hata kidogo, la sivyo mstari unaonekana. Dirisha lililoungua unalipa sekunde 30 zaidi kupitia tundu la kadibodi. Karatasi ni ghali, unaharibu tatu kupata moja. Ndiyo maana tulikuwa tunafikiri kabla ya kubonyeza. Ansel Adams na Fred Archer, Wamarekani, mwaka 1939 na 1940 hivi waliliweka hilo katika mpango: tazama eneo, gawanya mwanga katika madaraja kutoka 0 hadi 10, amua kivuli kipi kikae daraja la 3 ndipo upige. Mleta uzi anaposema anaketi dakika 10 bila kamera, anafanya hilohilo. Nimefurahi kulisoma.

Ongezeko langu moja. Filamu ya negativu husamehe mwanga mwingi na haisamehi giza. Sensa ni kinyume chake. Wazee wenzangu mliohamia dijitali, tabia yenu ya zamani ya kupima kivuli itawaunguzia madirisha.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Hilo la mwisho nimelinakili kwenye daftari.

Binti Shela

Assalam aleikum. Mimi ni wa Lamu na nimesoma uzi huu kwa moyo kwa sababu nyumba mnazozisema ni zetu. Ningependa kuongeza mambo ambayo mpiga picha kutoka nje hayaoni.

Nyumba ya kale ya Lamu haikupangwa kama vyumba vilivyotawanyika. Unaingia daka, yaani baraza ya mlangoni, kisha tekani, ukumbi wa kuingilia, halafu kiwanda, yaani ua, kisha kumbi mbili ndefu, msana wa tini na msana wa yuu, na nyuma yake chumba kiitwacho ndani. Kila hatua mwanga unapungua, na kila hatua ni ya faragha zaidi kuliko iliyotangulia. Kiwanda ni cheupe kabisa, ndani ni kiza cha mchana. Vitu viwili hivyo vinakwenda pamoja. Kwa hiyo mtu anaposimama kiwandani akapiga picha ya ndani, akaivuta mpaka ndani kung'ae kama kiwanda, kwangu mimi amefunua mahali pa kufunikwa.

La pili, zidaka. Ule ukuta wa ndani wenye vijumba vingi vya plasta, safu juu ya safu, vyombo vilikuwa vikipangwa humo. Plasta ni nyeupe, kidaka ni cheupe, nakshi ni nyeupe. Kinachovitenganisha ni kivuli peke yake! Mpiga picha mmoja alikuja kwa ndugu zangu akawasha fleshi moja kwa moja, tulipoiona picha tuliona ukuta mtupu, kama karatasi. Nakshi zote zimepotea. Fundi aliyezichonga alizichonga kwa mwanga unaotoka kiwandani, wa ubavu, hafifu.

La tatu ni ruhusa. Hata kama nyumba ni ya wageni, muulizeni mwenyewe ni wapi msifike na kamera. Na mngoje jibu kwa subira, watu wengine watasema ndiyo kwa adabu huku hawapendi.

Mleta uzi

Waaleikum salaam dada yangu. Umeniandikia uzi mzima kwa aya tatu. Hilo la mwanga kupungua pamoja na faragha sijawahi kulisikia likisemwa wazi hivyo, ingawa nimesimama kwenye milango hiyo nikihisi kitu.

Kwa wenzangu, nieleze dada anachosema kwa upande wa ufundi. Zidaka zipigwe kwa mwanga wa ubavu, picha moja, bila kuunganisha, tripodi na shata hata ya sekunde 4 au 8. Ukuta mweupe utamdanganya mpimaji wa kamera, ataufanya wa kijivu, kwa hiyo ongeza stopu 1 hadi 1 na nusu juu ya anachokupa, huku ukitazama histogramu, yaani mchoro wa mwanga wa picha, isigonge ukingo wa kulia. Kwenye uhariri usiguse kitelezi cha vivuli kabisa. Ukitaka nakshi zisimame, ongeza tofauti ya mwanga katika sehemu zile za kati, kidogo sana, na basi.

Kama fleshi ni lazima, isitazame ukuta. Igeuze nyuma yako ipige ukuta mwingine mweupe, mwanga urudi umelainika. Darini usiielekeze, kwa sababu boriti ni za kahawia na zitakurudishia mwanga wa kahawia chumba kizima.

Mdau Mpya

Nami nina shida mbili mkuu. Nikiunganisha picha, pangaboi linatokea na mabawa kumi na mbili, na minazi ya nje ina vivulivuli. Pili, taa za LED zinaniletea mistari ya giza kwenye picha. Na kuna rangi ya zambarau kwenye kingo za dirisha.

Mleta uzi

Pangaboi lizime, subiri lisimame kabisa. Ukilitaka likizunguka, chukua sehemu hiyo kutoka picha moja tu kwa maski. Minazi vilevile: mandhari yote ya dirishani itoke kwenye picha moja, ile ya giza. Wakati wa kusi upepo unavuma miezi kwa miezi, usitegemee mti utulie. Pazia lifunge kwa uzi.

Mistari ya LED inatokana na umeme wetu wa hezi 50. Balbu nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ikiwa 1/100 au 1/50 au ndefu zaidi, mistari inaisha. Kwenye tripodi hiyo haikupi shida yoyote.

Zambarau inaondoka kwa kitelezi cha kusahihisha lenzi, lakini funga tundu hadi f/8 kwanza, nyingi itapungua yenyewe.

Kijana wa Simu

Mkuu nimerudi. Jana nilikwenda kwa shangazi. Nilifuta lenzi, nikaweka simu juu ya stuli na kuiegemeza kwenye mtungi, nikasimama ubavuni mwa dirisha kama ulivyosema. Shuka la shangazi nikalitandaza barazani chini ya dirisha. Dari ilifunguka kweli, hata yeye alishangaa. Saa 12 na nusu jioni nikapiga tena taa zikiwa zimewaka. Nimeweka picha tatu hapo chini. Shangazi anapenda ya pili, mimi napenda ya tatu.

Mleta uzi

Nimezitazama kwenye skrini kubwa. Ya kwanza ifute, dirisha limeungua. Ya pili ni kazi nzuri sana. Ukuta unatoka nyeupe hadi kijivu bila kukatika, neti ya kitanda inapitisha mwanga, na kona ya kabati imezama lakini kitasa chake kinang'aa. Usiiguse zaidi. Mpe shangazi yako hiyo, na umwambie ana macho.

Ya tatu imekaribia. Mbingu ni nzuri, ila taa ya koridoni ilikuwa inawaka na imemwaga manjano chini ya mlango mpaka kitandani. Leo jioni rudia. Zima ya koridoni, acha ya pembeni mwa kitanda peke yake, na anza kupiga dakika 5 mapema kuliko jana.

Kijana wa Simu

Sawa mkuu. Saa 12 kasoro nitakuwa nimeshaweka stuli.